Diski yenye sesheni nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuinakili, kuchagua fomati na kuichoma upya

Meza yetu iko Majengo, Mombasa, na kazi yetu kubwa ni kuokoa yaliyomo kwenye CD na DVD za zamani. Tunaletewa harusi, maulidi, kasida za madrasa, taarabu iliyotolewa kwenye kanda ikatiwa kwenye CD, na picha za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Nyingi zilichomwa kwa awamu, na kila awamu huitwa sesheni: leo picha za kupamba, kesho za nikahi, wiki ya pili za walima, zote kwenye diski ileile, kwa kuwa diski tupu ilikuwa na bei na hakuna aliyetaka kuitupa nafasi iliyobaki. Diski za namna hii ndizo zinazopotea kwa urahisi zaidi wakati wa kunakiliwa. Diski yenyewe ni nzima, draivu ni nzima, lakini aliyenakili amechagua fomati, yaani aina ya faili la nakala, isiyoweza kuibeba.

Nimetia CD ya harusi kwenye kompyuta, naona picha za walima tu. Za nikahi zimefutika?

Hazijafutika. CD-R ikishachomwa haifutiki, na data ya zamani haiandikwi juu yake. Kila mara diski inapochomwa na kuachwa wazi kwa ajili ya siku nyingine, huandikwa sesheni mpya. Sesheni ina sehemu tatu: eneo la kuingilia ambamo mna jedwali la yaliyomo, kisha data yenyewe, kisha eneo la kutokea. Sesheni ya pili huanza baada ya hapo, na jedwali lake, na ya tatu vivyo hivyo.

Kompyuta ikipewa diski hiyo huenda moja kwa moja kwenye sesheni ya mwisho na kusoma orodha ya mafaili iliyopo pale. Kama mchomaji aliingiza orodha ya sesheni za nyuma alipokuwa akichoma, orodha ya mwisho inataja kila kitu, nawe unaona folda zote kana kwamba zilichomwa siku moja. Kama hakuiingiza, unaona ya mwisho peke yake na za nyuma zimejificha. Tumepokea watu waliokaa miaka mingi wakiamini kuwa picha za nikahi ya wazazi wao zimepotea, ilhali diski ilikuwa kabatini muda wote na picha zimo.

Kwenye Windows, programu ya IsoBuster huonyesha kila sesheni na tawi lake. Kwenye Linux, `xorriso -indev /dev/sr0 -toc` hukuorodheshea sesheni na sekta zinapoanzia (sekta ni vipande vidogo vilivyolingana ambavyo diski imegawanywa), na `mount -o session=1` hufungua ile ya kwanza. Usichome kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Hesabu sesheni kwanza, ziandike kwenye karatasi, ndipo uanze kunakili.

Taswira ya diski ni nini? Si nikopi mafaili tu?

Taswira ni faili, au mafaili mawili matatu yanayokwenda pamoja, yanayobeba diski sekta kwa sekta kama ilivyo. Ukikopi mafaili unapata unachokiona kwenye dirisha la kompyuta. Kwa diski yenye sesheni moja ya picha hilo linatosha kabisa, hatumkatazi mtu. Kwa diski yenye sesheni nyingi, unachokiona si lazima kiwe kilichomo.

ISO si inatosha? Kila mtu anatumia ISO.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye hasara kubwa, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

ISO, yaani taswira ya faili moja lenye mwisho wa .iso, inatosha kwa CD yenye sesheni moja ya data. Hapo ichague bila wasiwasi: Windows 8 na matoleo yaliyofuata huifungua bila programu ya ziada, na kuanzia Windows 7 unaweza kuichoma bila kuweka kitu kipya. Lakini ndani yake ISO ni safu ya sekta, baiti 2,048 kila moja, basi. Haina jedwali la yaliyomo la diski. Haijui sesheni ya pili ilianzia wapi, wala haina mahali pa kutia traki ya sauti.

Chukua mfano. Diski ina sesheni mbili. Ya kwanza inaanzia sekta 0 na kuishia kwenye sekta 99,999, yaani sekta 100,000 kwa jumla. Baada yake kuna eneo la kutokea la sekta 6,750, halafu eneo la kuingilia la sesheni ya pili, sekta 4,500, halafu sekta 150 za nafasi kabla ya traki. Jumla ni 11,400, kwa hiyo sesheni ya pili inaanza sekta 111,400. Sasa, orodha ya mafaili iliyomo ndani ya sesheni hiyo, ambayo imeandikwa kwa ISO 9660, kanuni ya kupanga mafaili kwenye CD, hutaja anwani kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa diski nzima. Picha ya bwana harusi akipeana mkono na kadhi iko sekta 111,600, na orodha inasema hivyo.

Programu ikitoa sesheni ya pili peke yake na kuiita harusi.iso, picha ile ndani ya faili jipya iko sekta ya 200. Orodha bado inasema 111,600. Jina la picha unaliona. Ukubwa wake unauona. Ukiibonyeza haifunguki. Na zile picha za kupamba za sesheni ya kwanza, ambazo orodha ya pili inazitaja kwa sababu mchomaji aliziingiza, hazimo kabisa ndani ya harusi.iso, yamebaki majina matupu. Hapa ndipo watu wanaponaswa: mtu hutazama majina, akayaona yote yapo, akaridhika, akaitupa diski.

Zipo programu zinazorekebisha anwani zinapotoa sesheni moja. Usidhani ya kwako ni mojawapo mpaka umefungua mafaili yenyewe.

Kuna njia moja ya kutumia ISO kwa usalama, nayo ni kuchukua ISO ya urefu kamili, kutoka sekta 0 hadi mwisho wa sesheni ya mwisho. Kwenye Linux, amri ya kunakili ya `dd` ya kawaida hukwama ikifika kwenye pengo kati ya sesheni, kwa kuwa hapo hapasomeki kama data. `ddrescue -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map` hulipita pengo, sekta zisizosomeka zikabaki sifuri, na kila picha hubaki kwenye anwani yake. Ukifungua ISO hiyo kwa njia ya kawaida utaona sesheni ya kwanza. Ukitaka ya pili unaiambia Linux ianzie wapi: `mount -o loop,sbsector=111400 harusi.iso /mnt`. Namba hiyo iandike kwenye faili la maandishi kando ya ISO, la sivyo atakayekuja baada yako hatajua kuna sesheni nyingine. Njia hii ni ya diski za data tupu. Penye sauti haifai.

Diski yangu ina nyimbo na picha pamoja. Nifanyeje?

Usitoe ISO. Hilo likumbuke kuliko mengine yote.

Diski za namna hii zina kanuni yake, Blue Book ya mwaka 1995: sesheni ya kwanza ni traki za sauti, ya pili ni data. Deki hucheza nyimbo na kuziacha picha. Kompyuta hukimbilia sesheni ya mwisho na kuonyesha picha. Kwa hiyo aliye na deki na aliye na kompyuta wanaweza kushika diski moja na kila mmoja akaapa kwamba ina kitu tofauti, na wote wanasema kweli.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nililetewa CD ya madrasa moja ya upande wa Kisauni. Mama aliyeileta aliniambia, "Mwanangu, humu mna watoto wangu wakisoma kasida." Niliitia kwenye kompyuta, nikaona picha za watoto wamevaa kanzu, nikatoa ISO, nikamkabidhi. Sikuitia kwenye deki. Yeye akaiacha ile diski ya asili kwenye gari, juani, ikapinda na kupasuka. Alirudi baada ya miezi akiulizia sauti. Kwenye ISO hapakuwa na hata sekunde moja ya sauti, maana ISO haiwezi kuibeba. Kasida 11 za watoto ambao sasa ni watu wazima hazipo popote. Nimeandika ukurasa huu kwa sababu yake.

Basi nichague fomati gani?

Kwa CD yenye sesheni nyingi, na hasa yenye sauti, chaguo letu la kwanza ni lile la programu ya CloneCD: mafaili matatu, .ccd, .img na .sub. Faili la .img hubeba sekta nzima, baiti 2,352, pamoja na zile za ukaguzi ambazo ISO huziacha. Faili la .sub hubeba baiti 96 za pembeni za kila sekta. Na .ccd ni maandishi ya kawaida; ukiifungua kwa programu yoyote ya kuandikia utaona mstari `Sessions=2`, na chini yake jedwali lote la yaliyomo, kiingilio kwa kiingilio. Tunaipenda kwa sababu hiyo: hata programu zote zinazoisoma zikifa, mtu mwenye subira anaweza kuisoma ramani hiyo ya diski kwa macho na kuikata sauti mahali pake.

Fomati ya programu ya Alcohol 120%, yaani .mds na .mdf, nayo inahifadhi sesheni vizuri. Hatari yake ni watu kuyatenganisha mafaili. Mtu huona .mds ni ndogo sana, akaifuta akidhani ni takataka, akabaki na .mdf isiyo na ramani. Wekeni yote mawili kwenye folda moja.

.nrg ya programu ya kuchomea ya Nero inabeba sesheni nyingi pia, na kwa kuwa Nero ilikuwa kwenye kompyuta nyingi za studio, tunaikuta mara kwa mara. Ramani yake imewekwa mkiani mwa faili. Faili likikatika njiani wakati wa kunakiliwa, kwa mfano umeme umepotea, kinachokatika ni ule mkia, na ramani inakwenda nao. Ukiletewa .nrg nzima itunze kama ilivyo, lakini usiichague kwa kazi mpya. .cdi ya DiscJuggler ni hivyohivyo, ramani iko mwisho.

.bin na .cue inahitaji tahadhari. Ni fomati maarufu, na .cue ni maandishi yanayosomeka, lakini ilipobuniwa haikuwekewa neno la kutaja sesheni. Baadaye watu wakaongeza mstari `REM SESSION 02`, na IsoBuster huuandika. Tatizo ni kwamba REM maana yake ni maelezo ya pembeni, na programu isiyoujua utaratibu huo huuruka mstari na kuona traki zote ni za sesheni moja. Kwa diski ya sauti yenye sesheni moja .bin na .cue ni nzuri sana. Kwa sesheni nyingi, tumia ikiwa unajua ni programu gani itakayoisoma. Na ukiwa na programu ya cdrdao kwenye Linux, kumbuka husoma sesheni moja kwa kila faili la .toc, hivyo unanakili mara mbili, kila mara ukitaja `--session`.

Kuzifungua baadaye bila kuchoma: CDemu kwenye Linux inasoma karibu zote hizi, WinCDEmu kwenye Windows inasoma nyingi.

Mbona CD ya MB 700 imenitolea faili la zaidi ya MB 800?

Kwa sababu ya zile baiti 2,352. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000. Kwa ISO, sekta hizo ni baiti 737,280,000. Kwa .img ni baiti 846,720,000, na .sub inaongeza 34,560,000. Hakuna kilichoharibika.

Na DVD?

DVD ni rahisi zaidi, kwa kuwa haina traki za sauti kama CD na sekta zake zote ni za baiti 2,048. ISO ya urefu kamili inaibeba yote. Jambo la anwani linabaki lilelile: DVD-R au DVD+R iliyochomwa mara tatu, ISO yake ikifunguliwa kwa kawaida inaonyesha sesheni ya kwanza, na nyingine unaziingia kwa `sbsector`. DVD+RW haina sesheni za kweli. Programu kama growisofs huongeza data na kuandika upya kichwa cha orodha mwanzoni, kwa hiyo ISO yake hufunguka vizuri bila ujanja.

Flashi inakataa kupokea ISO ya DVD ingawa ina nafasi tele.

Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofikia GB 4. DVD iliyojaa ni GB 4.7. Toa vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT au NTFS.

Nina taswira. Nataka diski mpya yenye sesheni zilezile. Nichomeje?

Kwanza jiulize kama unazihitaji sesheni. Kama zote ni data, ushauri wetu ni kutozirudia. Toa mafaili ya kila sesheni, yatie kwenye folda zenye majina yanayoeleweka, kupamba, nikahi, walima, uyachome yote kwa mkupuo kwenye sesheni moja na uifunge diski. Mjukuu ataitia popote na kuona kila kitu. Taswira ya asili itunze pembeni.

Kama ni sauti na data, hapo sesheni mbili ni za lazima. Choma kwa programu iliyotoa taswira: .ccd kwa CloneCD, .mds kwa Alcohol, .nrg kwa Nero. ImgBurn, ambayo toleo lake 2.5.8.0 la mwaka 2013 bado linatumika sana na ni la bure, ni nzuri mno kwa ISO lakini haichomi sesheni nyingi. Usipoteze diski tupu kuijaribu.

Kwenye Linux unaweza kuijenga mwenyewe. Sauti inachomwa kwanza kwa `cdrecord` ukiweka `-multi` ili diski ibaki wazi. Kisha `cdrecord -msinfo` inakupa namba mbili, tuseme `0,111400`. Hizo unampa mkisofs, programu inayotengeneza orodha ya mafaili, kwa `-C 0,111400`, naye anaandika anwani za picha akianzia namba 111,400. Ukiisahau hatua hii unarudi kwenye lile tatizo la picha zenye majina yasiyofunguka, safari hii kwenye diski yenyewe.

Nikiendelea kuongeza sesheni, nafasi inaliwa kiasi gani?

Kwenye CD, baada ya sesheni ya kwanza inakwenda takriban MB 22, na baada ya kila inayofuata takriban MB 13. Ni yale maeneo ya kutokea na kuingilia. Sesheni kumi zinakula karibu MB 140 ambazo hazibebi hata picha moja. Waliokuwa wakiongeza picha tatu tatu kila wiki walijaza diski kwa mapengo.

Deki ya sebuleni haioni video niliyoongeza.

Deki nyingi husoma sesheni ya kwanza tu, na redio za gari vivyo hivyo kwa CD za sauti. Folda ya VIDEO_TS, ile yenye video ya DVD, iwe kwenye sesheni ya kwanza, na diski ifungwe.

Diski imekwaruzwa na ina ukungu. Nijaribu?

Jaribu, lakini polepole. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usifute kwa mzunguko. Maji safi na tone la sabuni ya vyombo hutosha kwa ukungu wa kawaida wa huku kwetu pwani. Ikaushe kabisa kabla ya kuitia kwenye draivu. Uso wa juu wa CD, ule wenye maandishi, ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa tabaka linaloakisi liko papo hapo chini ya rangi. Ukiukwaruza huo hakuna dawa. DVD ina afadhali, data yake iko katikati ya plastiki mbili zilizogandishwa. ddrescue ukiipa jina la faili la ramani yake (kama harusi.map hapo juu) inaweza kusimama na kuendelea kesho, hata kwa draivu nyingine. Draivu moja hushindwa na sekta ambazo mwenzake anazisoma bila shida. Sisi tuna tatu kwa sababu hiyo.

Nitajuaje kuwa nakala ni sawa, nisije nikaitupa diski?

Usiitupe. Ila ukitaka kujua: linganisha idadi ya sesheni uliyoiandika kwenye karatasi na iliyomo kwenye taswira. Fungua, usitazame majina tu, walau picha tatu kutoka kila sesheni, na moja iwe ile ya mwisho kabisa kwenye orodha. Kama kuna sauti, sikiliza traki ya mwisho mpaka inapokatika. Kisha toa alama ya SHA-256 ya kila faili la taswira, yaani msururu wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ihifadhi kwenye maandishi pamoja nayo, unakili folda nzima kwenye diski ya nje ya pili, na uhesabu alama upya huko. Herufi zikilingana zote, hiyo diski ya pili ipeleke nyumba nyingine, kwa dada, kwa ami, popote pasipo paa moja na yako.